Bi Hebu Anastaafu: Modeli, Vipimo na Daraja Tulilodhani Tunalijua

Mwisho wa mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi katika maabara yetu ya miundo, mhandisi mkuu wa kitengo cha ulinganishi atarudisha funguo za ofisi yake na kwenda nyumbani. Tangazo lilipobandikwa pale karibu na birika la chai, watu walilisoma, wakarudi kulisoma tena, kisha wakaanza kuulizana kama lina ukweli. Mama wa chai alidhani ni mzaha wa wale wa ghorofa ya pili. Mlinzi wa getini alisema hataamini mpaka aambiwe na mwenyewe, na alipoambiwa na mwenyewe bado alitikisa kichwa. Mimi, ninayehariri jarida hili la wafanyakazi, nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake, na naiandika nikiwa bado nimeduwaa. Si mara ya kwanza. Wote tuliofanya kazi na mama huyu tumeduwazwa naye zaidi ya mara moja, na mara moja hasa nitaieleza hapa, kwa sababu kuna wafanyakazi wapya ambao wameisikia vipande vipande tu, na vipande vyenyewe vimetiwa chumvi.

Kwenye hati za ajira ana jina refu la heshima na shahada tatu zimelifuata nyuma. Humu ndani hakuna anayelitumia. Tunamwita Bi Hebu. Jina lilitokana na maneno anayoyatoa kila mara mtu anapodai kwamba kitu fulani kina nguvu ya kutosha, au kimenyooka, au kimepoa: "Hebu tupime."

Kwa wenzetu wa uhasibu na usafirishaji, nieleze kwa ufupi kitengo chake kinafanya nini. Mhandisi anapobuni daraja, paa au mnara, kwanza huunda modeli. Si sanamu ya kuchonga. Ni mahesabu, siku hizi yamo ndani ya kompyuta, yanayosema kwamba ukiweka mzigo huu hapa, mhimili utabonyea kiasi hiki. Hiyo ndiyo nadharia. Kisha kitu chenyewe kinajengwa, na watu wa vipimo wanakwenda kuona kama kweli kimebonyea kiasi hicho. Bi Hebu kazi yake ni kukaa katikati, mahesabu upande huu na vipimo upande ule, na kuuliza kwa nini hivi viwili havikubaliani. Kwa sababu mara nyingi havikubaliani, na kutokukubaliana huko kuna maana yake.

Aliingia hapa akiwa binti aliyetoka chuoni, mwanamke pekee katika ukumbi wa majaribio, amevaa ovaroli ya mwanamume mrefu aliyoikunja miguuni mpaka ikafanana na puto. Miaka ya mwanzo alikuwa akivunja mihimili ya zege. Anakadiria kwanza itavunjika kwa uzito gani, halafu anaivunja, halafu anakaa sakafuni katikati ya vumbi na kukuna kichwa. Fundi mkuu wa wakati ule, marehemu sasa, alizoea kusema hajawahi kuona mtu anayefurahi hivyo kwa kukosea.

Na kweli alikuwa akifurahi. Wazee wa hapa wanaikumbuka meza ya mikutano, ile ndefu. Ilipoletwa, wabebaji waliogopa kwamba haitapita mlangoni. Bi Hebu akachora, akapiga hesabu za kuigeuza pembeni na kuiinua upande mmoja, akatangaza kwamba inapita. Ikaingia nusu ikakwama, wakubwa wakabaki wamefungiwa ndani pamoja na wageni wao. Mkurugenzi wa enzi hizo alipiga kelele kutoka ndani akiuliza hesabu zake zinasemaje sasa. Akajibu akiwa nje, kwa sauti ya mtu aliyepata zawadi, "Hesabu zinasema inapita. Meza inasema haipiti. Mimi leo niko na meza." Baadaye aligundua kwamba fremu ya mlango ilikuwa imepakwa rangi mara nyingi sana mpaka imenenepa, jambo ambalo hakuna mchoro uliolionyesha. Meza ilitolewa kwa kung'oa fremu, na wageni walipitishiwa chai yao dirishani.

Kilichomletea sifa kubwa, hata hivyo, ni daraja. Mji wetu una soko na makazi upande huu wa mto, na hospitali upande wa pili. Kwa miaka mingi watu walizunguka kwa daraja la zamani la juu kule, safari ya kuchosha hata kwa mzima, achilia mbali mgonjwa. Serikali ilipoamua kujenga daraja jipya la chuma, modeli yake ilitengenezwa hapa, na aliyeitengeneza ni Bi Hebu. Ilikuwa modeli ya namna yake. Ilizingatia jua linavyokitanua chuma mchana na ubaridi unavyokirudisha, magari yanavyopishana, upepo wa mtoni. Daraja lilipokamilika lilibandikwa vihisi tumboni, vifaa vidogo vya kupima mhimili unabonyea kiasi gani, na nyaya zake zikaleta namba mpaka kwenye kile tunachokiita chumba cha skrini. Modeli ilisema hivi, daraja likafanya karibu hivyo. Alipewa medali. Alialikwa nchi za mbali kuieleza. Medali yenyewe aliitundika jikoni kwake, juu ya jiko, kwa sababu mumewe, ambaye ni seremala, alimtengenezea ubao wa kuitundikia na ubao huo ukakosa nafasi pengine popote.

Sasa nifike kwenye lile tukio.

Mwaka juzi Mkurugenzi wetu alimwomba aandae ripoti kubwa kuhusu kazi yake, kulinganisha modeli ya daraja na vipimo vyote vilivyokusanywa tangu daraja lifunguliwe. Ilikuwa iwe sherehe. Ukumbi ulishapangwa, wageni walishaalikwa, na mimi nilishaandaa jalada lenye picha ya daraja wakati wa jua la asubuhi. Bi Hebu alijifungia na data zake. Tulitegemea kumsikia akiimba, maana huimba akifanya kazi. Hakuimba. Siku moja alikuja mezani kwangu akaniwekea karatasi mbele yangu, grafu, mstari mmoja mweusi na nukta nyingi.

"Unaona nini?"

Nikamwambia naona kazi nzuri. Mstari ni modeli, nukta ni vipimo, na nukta zimelalia mstari kama shanga kwenye uzi.

"Hiyo ni miaka ya karibuni. Angalia hii ya mwanzo."

Katika ile ya mwanzo nukta zilikuwa zimetawanyika, moja juu, nyingine chini, kama kuku waliomwagiwa mtama. Zilifuata mstari, lakini kwa shida.

"Daraja linazeeka," akasema. "Mimi nazeeka, na wewe nakuona. Modeli peke yake ndiyo inazidi kupata akili?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliichukua karatasi yake akaondoka, na mimi nikaendelea na jalada langu.

Jumatatu iliyofuata alituita kwenye chumba cha skrini. Tulikuwa wanne. Bi Hebu mwenyewe, Mkurugenzi aliyekuja na kikombe chake cha chai mkononi, mimi, na mwanaprogramu tunayemwita Kibodi, baba wa watoto watatu, mtu mpole ambaye vidole vyake vinaongea kuliko mdomo wake. Ukutani skrini ilikuwa inaonyesha daraja zima, na chini yake mistari ya kijani ikitembea polepole, mmoja kwa kila kihisi. Fundi Nyaya, anayetunza vifaa vya nje, alikuwa darajani kwenyewe, kwenye ngazi ya matengenezo chini ya mhimili, na sauti yake ikitoka kwenye simu iliyowekwa juu ya meza. Magari yalikuwa yananguruma juu ya kichwa chake.

"Fundi, umefika kwenye kihisi cha katikati?"

"Nimekigusa hapa, Bi Hebu."

"Chomoa waya wake."

Mkurugenzi aliinua macho kutoka kwenye kikombe. Tukasikia kitu kikigongwa, kisha Fundi akasema, "Tayari. Ninao mkononi."

Sote tukatazama mstari wa katikati. Tulitarajia udondoke, au ukatike, au skrini ilie kama inavyolia kitu kikiharibika. Mstari uliendelea kutembea. Kijani, laini, bila hata kutikisika.

"Umechomoa kweli?" Bi Hebu aliuliza.

"Waya ninao mkononi, mama. Na nikwambie kitu kingine. Huu haukuhitaji kuchomolewa. Umeoza. Nimeugusa tu umekatika kama uzi wa godoro."

Mkurugenzi alisema labda namba zinachelewa kufika. Bi Hebu akakubali, akasema tusubiri. Tukasubiri mpaka chai ya Mkurugenzi ikafanya utando juu. Nje jua lilikuwa linapanda, na ule mstari, wa kihisi ambacho waya wake ulikuwa mkononi mwa Fundi, ukaanza nao kupanda taratibu, kama chuma kinavyopaswa kufanya kikipata joto.  Ilikuwa kama kumsikia mtu akikujibu kutoka chumba ambacho umetoka kukifunga mwenyewe.

Bi Hebu akageuka. "Kibodi. Namba hii inatoka wapi?"

Kibodi alikuwa amesimama huku kashika mgongo wa kiti. Uso ulikuwa umempauka. Alijibu kwa sauti ndogo ambayo sitaisahau.

"Inatoka kwenye modeli yako, mama."

Alieleza, na alieleza yote bila kulazimishwa. Miaka ya nyuma vihisi vilikuwa vikikatikakatika, na skrini inabaki na mapengo. Wageni wakija, mkurugenzi aliyekuwapo wakati huo anaona aibu. Kibodi akaagizwa azibe mapengo. Akaiamuru kompyuta kwamba kihisi kikinyamaza, iweke pale namba ambayo modeli inakadiria, lakini kwa rangi ya kijivu, ili kila mtu ajue kwamba hicho si kipimo. Kisha skrini za zamani zikabadilishwa. Zilizokuja zikaonyesha kila kitu kwa kijani.

"Nilijua namba hizo ni za muda," alisema. "Kihisi kinanyamaza asubuhi, mchana kinarudi. Sikujua kwamba vingine havikurudi."

"Vilivyo hai ni vingapi?"

Alikaa akabonyeza, akabonyeza tena. Tulisikia kila kitufe.

"Viwili," akasema. "Vyote viwili viko ukingoni, upande wa soko."

 Kwa miaka tulikuwa tukilinganisha modeli na modeli. Nadharia ilijiuliza swali, ikajijibu yenyewe, ikajipigia makofi, na sisi tukaipigia makofi pamoja nayo. Tulikuwa tumechapisha. Tulikuwa tumeonyesha mawaziri. Na juu ya daraja hilo, ambalo kwa kweli hakuna mtu aliyekuwa akilipima, mji mzima ulikuwa ukipita asubuhi na jioni.

 Bi Hebu alichukua simu yake mwenyewe akapiga. Binti yake wa pekee ni muuguzi katika hospitali ya ng'ambo, na saa hizo ndizo za yeye kwenda zamu. Alipopokea, sauti yake ilisikika mpaka tulipokuwa tumesimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Kwenye basi. Tumesimama, kuna foleni hapa darajani."

"Mwanzoni au mwishoni?"

"Katikati kabisa. Kwani kuna nini?"

Bi Hebu aliweka kiganja mezani, akakikandamiza mpaka vidole vikabadilika rangi. Mkurugenzi alikuwa amefumba macho.

"Hakuna kitu, mwanangu. Nilitaka kukusikia tu. Ukishuka ng'ambo nipigie."

"Mama, umeanza lini kunipigia unisikie tu?"

"Leo."

Akakata. Hakukaa, na kwa vile hakukaa, sisi pia hatukukaa. Tulisimama tukiangalia ile mistari ya kijani ambayo haikuwa ikituambia lolote. Simu ilipolia tena na binti akasema amefika, kuna mgonjwa anamsubiri, atapiga baadaye, Bi Hebu alivuta kiti, akakaa, akavua miwani, akajifuta uso kwa upande wa kitenge chake. Ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimemshika Kibodi mkono muda wote ule, na yeye amenishika.

Mkurugenzi ndiye aliyeanza kusema. Si mtu mbaya, na nimemwomba ruhusa ya kuandika haya. Alisema kutokuwa na vipimo si ushahidi kwamba daraja lina kasoro. Kulifunga daraja hilo ni kuukata mji vipande viwili. Tukianza kutia watu hofu kwa sababu ya nyaya zilizooza, nani atatuamini tena?

"Sijasema lina kasoro," Bi Hebu alimjibu. "Nasema hatujui. Tulidhani tunajua, na hatujui."

"Lakini modeli ni yako. Unaiamini au huiamini?"

Alifikiri. "Nikiwa nimekaa hapa naiamini. Binti yangu alipokuwa pale katikati, sikuiamini hata kidogo."

Mwishowe walikubaliana kulipima kwanza, na Jumapili asubuhi daraja lilizuiwa kwa muda, ikaelezwa kwamba ni usafi wa kawaida. Bi Hebu alikuwa ameomba malori matatu ya kokoto, kila moja limepimwa uzito. Mpima ardhi aliweka chombo chake ukingoni, kwenye miguu mitatu, akikilenga kwenye alama iliyochorwa katikati ya mhimili. Bi Hebu alikuwa na modeli yake ikiwa imeshasema kila lori litashusha mhimili kiasi gani. Mbele ya wote aliyasoma makadirio hayo kwa sauti kabla lori lolote halijasogea. Alisema hataki baadaye mtu yeyote, yeye mwenyewe akiwemo, adai kwamba alikuwa amekusudia namba nyingine.

Lori la kwanza lilifika katikati, likasimama. Mhimili ulishuka zaidi ya makadirio, lakini si kwa kutisha. Bi Hebu aliitikia kwa kichwa. Lori la pili lilipojiunga nalo, mpima ardhi aliangalia kwenye chombo chake, akaondoa jicho, akasugua, akaangalia tena. Alipotaja kipimo, tulidhani amesoma vibaya. Kilikuwa karibu mara mbili ya kile kilichotabiriwa. Dereva wa lori la tatu alikuwa ameshaweka magurudumu ya mbele darajani, anasubiri ishara huku akipiga miruzi.

"Arudi," Bi Hebu alisema. "Na hao wawili warudi, mmoja mmoja, polepole. Pasiwe na wa kufunga breki kwa nguvu."

Hakuna aliyekohoa mpaka tairi la mwisho lilipogusa ardhi.

Watu wakaanza kukitetea kile walichokizoea. Mmoja akasema miguu ya chombo imezama kwenye tope. Mwingine akasema kokoto zimelowa, zimezidi uzito. Bi Hebu hakumbishia mtu. Chombo kikahamishwa ng'ambo, kikasimikwa juu ya mwamba. Malori yakapimwa upya. Lori moja tu likarudishwa, halafu la pili taratibu mpaka robo ya daraja, si zaidi. Jibu likawa lile lile. Hapo ndipo alipokunja karatasi ya makadirio, akaitia mfukoni, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Modeli yangu inaeleza daraja lingine. Hili silijui."

Sijawahi kuona mtu akiiweka chini kazi ya maisha yake namna ile.

Alikwenda moja kwa moja kwenye nguzo ya pili, ile iliyobeba mhimili wa katikati. Juu ya kila nguzo, pale mhimili unapokaa, kuna bamba la chuma ambalo linatakiwa kuteleza kidogo kila daraja linapotanuka kwa joto. Modeli yake ilichukulia kwamba mabamba yote yanateleza, na wakati wa ufunguzi yaliteleza kweli. Tulipanda ngazi, mimi nikiwa nyuma ya Mkurugenzi. Bamba la nguzo ya pili lilikuwa limeganda kwa kutu kama kufuli lililosahauliwa. Daraja lilikuwa limeendelea kutanuka na kurudi kila siku, na kwa kuwa haliwezi kuteleza, lilikuwa likiivuta nguzo yenyewe. Kichwa cha nguzo kilikuwa kimepasuka. Ufa ulianzia chini ya bamba ukaingia ndani, ukifichwa na kinyesi cha njiwa na matandiko ya viota vyao.

Bi Hebu alikunja mkono wa gauni, akaingiza vidole, akaingiza kiganja, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Alipoutoa ulikuwa na vumbi jeupe la zege lililosagika. Akamwonyesha Mkurugenzi.

Mkurugenzi aliutazama ule mkono. Kisha akatoa simu, akawapigia wakubwa wa mji mmoja baada ya mwingine, hapo hapo juu ya nguzo, huku ameshika chuma cha ngazi kwa mkono wa pili. Kwa kila mmoja alisema jambo lile lile: daraja halifunguliwi leo, wala kesho, na kama wanataka wa kulaumu, jina lake wanalo.

Lawama zilikuja, na hazikumfuata yeye peke yake. Daraja lilifungwa kwa miezi mingi. Wagonjwa walirudi kuzungushwa kule juu. Wauza mboga walikosa wateja wa ng'ambo. Bi Hebu akipita sokoni alikuwa anaitwa mama mfunga daraja, na muuza nyanya wake wa miaka yote alimuuzia bila kumtazama. Hata nyumbani hali haikuwa shwari. Binti yake alikuwa akiamka kabla ya jogoo ili awahi zamu, na siku moja alimwambia mama yake kwa uchungu kwamba kuna mjamzito aliyejifungulia njiani, kwenye ile njia ya kuzunguka. Mama na mtoto walipona. Bi Hebu alitusimulia hilo mwenyewe. Ni wakandarasi walipoondoa zege bovu na picha za ule ufa zikaonekana na kila mtu, upana wake wa ndani ukiweza kumlaza mtu, ndipo mji ulipopoa. Muuza nyanya alimpelekea kikapu kizima nyumbani, akamwachia mlangoni, akaondoka bila kubisha hodi.

Ile ripoti ya sherehe haikuandikwa kamwe. Badala yake aliandika nyingine, kuhusu jinsi modeli yake ilivyokosea na jinsi sisi sote tulivyoshindwa kuona. Aliisoma katika mkutano ule ule mkubwa aliopewa medali miaka ya nyuma. Nilisafiri naye. Alipofika kwenye sehemu ya waya uliochomolewa na mstari uliokataa kukatika, watu ukumbini waliacha kuandika. Profesa mmoja mzee aliyekaa mbele yangu alimwinamia mwenzake akamnong'oneza kwamba akirudi nyumbani kitu cha kwanza ni kwenda kuchomoa nyaya zake.

Siku hizi chumba chetu cha skrini kina mapengo, na hakuna anayeruhusiwa kuyaziba. Kihisi kikinyamaza, mahali pake panabaki peusi mpaka Fundi Nyaya aende. Daraja lilipokarabatiwa na malori ya kokoto kurudishwa, nukta zilitawanyika tena, moja juu ya mstari, nyingine chini. Modeli mpya na vipimo vipya vilikaribiana bila kulingana. Bi Hebu aliichukua grafu hiyo mbovu akaizungusha ofisi hadi ofisi, akimwonyesha kila mtu kama bibi anayemtembeza mjukuu.

Ninalo jambo moja la mwisho, na ndilo lililotuacha vinywa wazi mwezi uliopita.

Baada ya tukio lile wengi walitaka Kibodi afukuzwe. Yeye mwenyewe alikuja kazini siku iliyofuata akiwa ameshakusanya vitu vyake kwenye mfuko. Bi Hebu alimwambia avirudishe mezani, na suala likaishia hapo, ingawa manung'uniko hayakuisha. Sasa Mkurugenzi alipoitisha kikao cha kumpata mrithi wa kitengo cha ulinganishi, sote tulijua ni mmoja kati ya madaktari wawili wa uhandisi waliosomea nje. Wote wawili walikuja wamepiga pasi. Bi Hebu alipoombwa ushauri alimtaja Kibodi.

Mtu fulani aliangusha kalamu. Mkurugenzi aliuliza kama amesikia vizuri. "Yule yule?"

"Yule yule."

"Bi Hebu, aliyeziba mapengo ni yeye."

"Najua. Ndiyo maana kwa miezi sasa, kila asubuhi kabla hajanywa chai, anakwenda kuchomoa waya mmoja bila kumwambia mtu, halafu anarudi mbio kuona skrini itasema nini. Fundi Nyaya ndiye aliyemfuma. Hakuna aliyemtuma. Hata mimi sikuwahi kufanya hivyo."

Daktari mmoja kati ya wale wawili ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono kumuunga. Kibodi aliitwa kutoka ofisini kwake aelezwe, na alipoelezwa alitafuta kiti, akakikosa, akakaa kwenye ile meza ndefu ya mikutano mbele ya wakubwa wote. Hakuna aliyemwambia ashuke.

Bi Hebu, asante kwa kutufundisha kuogopa majibu mazuri mno. Asante kwa kuiweka medali chini pale ilipobidi, na kwa kutuonyesha kwamba mtu anaweza kukosea mbele ya mji mzima na kesho yake akaja kazini mapema. Msalimie seremala wako, na umwambie sasa wewe ni wake. Lala mpaka jua likuchoke. Maabara nzima, kuanzia getini mpaka ghorofa ya juu, inakuombea afya, utulivu na siku ndefu zenye furaha katika maisha yako mapya.